Uzi maalumu kwa madivelopa wa Kusini: mpaka wa frontendi na bekiendi, tulikoumia kwenye mizani ya ufuta

#1 MwanaMizani, Lindi (mleta uzi)

Wakuu, habari za kazi.

Jambo hili nimekaa nalo tangu msimu wa ufuta, leo nalimwaga. Vijana wengi wa Lindi na Mtwara wanaingia kwenye kutengeneza mifumo ya wavuti, na wengi tunajifunza kwa video zilizorekodiwa mahali ambako mtandao haukatiki na simu zote ni mpya. Ukirudi nayo Rutamba au Tandahimba, ule utamu wa kwenye video hauuoni. Nataka mwenzangu anayeanza asipite nilikopita.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Chama kimoja cha msingi, jina naliweka pembeni, kilitaka mfumo wa kupokea mazao. Mkulima analeta ufuta, karani anapima, anaingiza jina, namba ya simu na kilo, mfumo unatoa stakabadhi. Baada ya hapo mzigo unakwenda ghala kuu, mnada unapigwa, mkulima analipwa kupitia benki. Wanaoufahamu mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao huku kwetu ulianza na korosho mwaka 2007, wanajua kwamba kilo ikikosewa kwenye mizani, kila hatua inayofuata imeshakosewa.

Tulikuwa wawili. Mimi frontendi, yaani kile karani anachokiona na kukigusa kwenye simu. Mwenzangu bekiendi, yaani seva (kompyuta inayopokea maombi na kuyajibu), kanzidata (ghala la rekodi) na mahesabu. Kila mmoja alikuwa anaijua kazi yake vizuri. Ajali zote zilitokea katikati, pale kila mmoja alipodhani mwenzake ameshalishughulikia.

Kilo 412 zikawa 1,236

Siku ya tatu ya msimu, mzee mmoja alileta ufuta kilo 412. Karani akajaza fomu, akabofya "Hifadhi". Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka. Mtandao pale unashika ukisimama upande wa mlango, ukirudi kwenye mizani unapotea. Baada ya kama dakika moja ukatokea ujumbe mwekundu: "Imeshindikana". Karani akabofya tena. Vilevile. Akasogea mlangoni, akabofya mara ya tatu, ikakubali. Jioni mwenyekiti anafungua ripoti, yule mzee ana kilo 1,236.

Mimi nilikimbilia dawa ya frontendi: kitufe kikibofywa mara moja kizimwe. Nikaona nimemaliza. Sikuwa nimemaliza. Ombi la kwanza lilifika seva salama na rekodi ikaandikwa. Kilichopotea njiani ni jibu. Simu haiwezi kutofautisha "ombi halikufika" na "jibu halikurudi", kwa macho yake yote mawili ni kimya. Na hata ukizima kitufe, karani akifunga ukurasa na kuufungua upya, kitufe kiko pale kinamsubiri.

Dawa ya kweli inahitaji pande zote mbili. Simu inaipa kila rekodi namba yake ya kipekee, tunatumia UUID, pale pale karani anapoanza kujaza, kabla hakijatumwa chochote. Namba hiyo inakwenda na ombi kila linaporudiwa, haibadiliki. Upande wa seva, kanzidata inawekewa sharti kwamba namba hiyo haiwezi kuingia mara mbili. Ombi likija mara ya pili, seva haiandiki kitu kipya wala haigombi, inarudisha jibu lile lile la mwanzo: "Ninayo, stakabadhi yake ni hii." Karani anaweza kubofya mara kumi na mzee akabaki na kilo zake 412.

Ukisoma kanuni za HTTP, yaani utaratibu wa mawasiliano ya wavuti, utakuta jambo hili limesemwa wazi: maombi ya GET (kusoma), PUT (kuweka) na DELETE (kufuta) yakirudiwa matokeo yanatakiwa yawe yale yale, lakini POST (kutuma kitu kipya, kama fomu yetu) haina ahadi hiyo. Nilikuwa nimeshalisoma hilo. Nililielewa siku nilipomwona yule mzee ameshika karatasi mbili zinazopingana.

Na sharti hilo liwekwe kwenye kanzidata yenyewe. Ukiishia kuandika msimbo (maelekezo ya programu) unaouliza "je, ipo?" halafu ndiyo uandike, maombi mawili yakigonga kwa wakati mmoja yote yataambiwa haipo, na yote yataandika.

Ng'apa

Wa Lindi mnaijua Ng'apa. Karani wetu alikuwa akiandika kijiji hicho, mfumo unaanguka. Ukiandika "Ngapa" unapita. Makarani wakazoea kuandika "Ngapa", wakaanza kuandika hata majina ya watu bila kile kialama, na mimi nikafikia hatua ya kuzuia kialama hicho kwenye fomu.

Lilikuwa kosa kubwa, na hatari yake niliiona baadaye. Bekiendi ilikuwa inaunganisha maneno ya mtumiaji moja kwa moja ndani ya sentensi ya SQL, lugha ya kuiamrisha kanzidata. Kialama cha ng' kwenye SQL ndicho kinachofunga maneno. Kwa hiyo kila mwananchi wa Ng'apa alikuwa anatuonyesha, bila kujua, kwamba mtu mwenye nia mbaya angeweza kuingiza amri zake kwenye kanzidata yetu kupitia sehemu ya kuandika jina. Mfumo ulikuwa unalia, sisi tunauziba mdomo.

Dawa yake ni ndogo na ni ya zamani: maneno ya mtumiaji yasiunganishwe kamwe na sentensi ya SQL. Sentensi inapelekwa peke yake ikiwa na nafasi zilizoachwa wazi, na maneno yanapelekwa pembeni. Laravel, Django na fremuweki (vifurushi vya msimbo ulio tayari) nyingine nyingi zinakufanyia hivyo ukizitumia inavyotakiwa. Anayeandika lugha yetu, yenye ng'ombe, ng'ambo na Ng'apa, hana sababu ya kuwanyang'anya watu herufi zao kwa sababu ya uvivu wa seva.

Hapo ndipo nilipoielewa kanuni ambayo sasa siiachi: ukaguzi wa frontendi ni msaada kwa mtumiaji, ukaguzi wa bekiendi ni ulinzi. Ukimwambia karani papo hapo kwamba amesahau kilo, umemsaidia asisubiri. Lakini mtu anayejua kidogo anaweza kuikwepa fomu yako nzima na kutuma ombi lake moja kwa moja kwenye seva. Seva iangalie kila kitu upya kana kwamba frontendi haipo.

Tarehe iliyorudi nyuma

Hili lilitutesa wiki nzima. Stakabadhi za tarehe 14 Juni zilikuwa zinatoka zimeandikwa 13 Juni. Siyo zote, ni zile tu ambazo karani alichagua tarehe mwenyewe kwenye kalenda.

Kalenda yangu ilikuwa inatoa saa sita kamili usiku ya siku iliyochaguliwa, kwa saa zetu. Sisi tuko saa tatu mbele ya UTC, saa ya rejea ya dunia. JavaScript, lugha ya programu ya kwenye kivinjari, ikigeuza saa sita usiku ya tarehe 14 kwenda UTC, inapata saa tatu usiku ya tarehe 13, yaani 2024-06-13T21:00:00Z. Mwenzangu kwenye seva alikuwa anakata herufi kumi za mwanzo na kuzihifadhi kama tarehe. Kwa hiyo 13. Kila mmoja wetu ukimtazama peke yake hana kosa. Ila mzigo ulionekana umepokelewa kabla ya mnada ambao haukuuhusu.

Tulikubaliana hivi, na tukaandika: siku ya kalenda isafiri kama siku, "2024-06-14", bila saa. Tukio lenye saa yake, kama muda karani alipobofya, lihifadhiwe kwa UTC na ligeuzwe kuwa saa za Afrika Mashariki wakati wa kuonyesha tu.

Neno "tukaandika" lina uzito. Tulifungua faili moja ndani ya Git (mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo) inayoeleza kila ombi: linapokea nini, linarudisha nini, likikataa linarudisha namba gani. Kabla ya hapo mwenzangu alikuwa anarudisha 200, namba ya "sawa", hata kwenye makosa, na ndani yake ameandika kwamba imeshindikana. Frontendi ikiona 200 inashangilia. Sasa 422 maana yake umejaza vibaya, 401 ingia upya, 403 huna ruhusa, 409 inagongana na kilichopo, 500 ni sisi. Mtu akitaka kubadilisha chochote anabadilisha faili hilo kwanza, ndipo anagusa msimbo.

Mengine kwa haraka

Hela na kilo zisihesabiwe kwa namba za desimali za kawaida za JavaScript. Jaribu 0.1 + 0.2 kwenye kivinjari chako uone: 0.30000000000000004. Tunahifadhi gramu na shilingi kwa namba kamili, na makato yanahesabiwa bekiendi peke yake. Tulipokuwa tunahesabu pande zote mbili, kila upande ulikuwa na namna yake ya kukadiria, na mkulima akawa anaona shilingi moja au mbili zimepungua kati ya simu na karatasi. Mtu aliyewahi kupunjwa na kangomba, wale walanguzi wa vipimo visivyo halali, haioni hiyo kuwa shilingi moja.

Namba ya simu ni maandishi, siyo namba. Ukiihifadhi kama namba, sifuri ya mwanzo imekwenda.

Ruhusa ziangaliwe kwenye seva kwa kila ombi. Kuficha kitufe siyo kuzuia. Kama anwani inaishia na 118 na mtu akiandika 119 anaona malipo ya jirani yake, huna mfumo. Kosa la aina hii ndilo lililowekwa nafasi ya kwanza kwenye orodha ya hatari za mifumo ya wavuti ya OWASP, shirika la usalama wa programu, ya mwaka 2021. Tena tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na majina, simu na akaunti za wakulima ni taarifa binafsi. Nywila zihifadhiwe kwa bcrypt au Argon2, njia za kuzificha zisisomeke, zisikae wazi. Funguo za siri zisiingie kwenye Git, hata kama hazina ya mradi ni ya binafsi.

Na msitegemee vitu vya nje visivyo vya lazima. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ikayumba nchi nyingi za Afrika Mashariki. Seva yetu iko Dar, lakini kurasa zilikuwa zinaita fonti na maktaba ya JavaScript kutoka seva za ng'ambo. Karani akawa anatazama ukurasa mweupe. Wiki moja tu kabla yake kimbunga Hidaya kilikuwa kimepita na barabara ya Dar imekatika maeneo ya Somanga, kwa hiyo watu walikuwa wamechoka tayari. Siku hizi kila faili la lazima tunalitoa kwenye seva yetu.

Karibuni tujadili. Mwenye uzoefu tofauti aweke hapa.

#2 Mdau wa Masasi

Mkuu, uzi umeshiba. Mimi ndiyo naanza, niko mwaka wa pili chuo. Swali: kati ya React na Vue nishike ipi? Na bekiendi niende Laravel, Django au Node? Kila mtu ananivuta kwake.

#3 MwanaMizani

@Mdau wa Masasi, mdogo wangu, anza na HTML, CSS na JavaScript tupu mpaka uweze kutengeneza fomu inayofanya kazi bila fremuweki yoyote. Andika fomu, itume, ipokee kwenye seva, ihifadhi, irudishe. Ukiweza hilo, fremuweki ni suala la wiki chache.

Kuhusu ipi, mimi huuliza swali moja: nikiugua malaria katikati ya msimu, nani hapa karibu anaweza kufungua msimbo huu akaurekebisha? Kama rafiki zako wa Masasi na Mtwara wanajua Laravel, chukua Laravel. Django ipo tangu 2005, Laravel 2011, React 2013, Vue 2014. Zote zimekomaa, hakuna itakayokuangusha kwa ubora wake.

Ila usichukue React kwa sababu tu ni React. Mfumo wetu wa ripoti za mwenyekiti ni kurasa za kawaida zinazotengenezwa na seva, hazina fremuweki yoyote upande wa mbele, na zinafunguka haraka kuliko kila kitu tulichonacho. Fremuweki tumeiweka kwenye ile sehemu ya mizani peke yake, kwa sababu pale lazima kazi iendelee hata bila mtandao.

#4 Bekiendi Mikindani

Mleta uzi, nakubaliana na mengi ila hapa nakupinga kidogo. Kufanya kazi bila mtandao ni gharama kubwa. Unahifadhi kwenye simu, halafu unasawazisha, halafu makarani wawili wamegusa mkulima mmoja, nani mshindi? Nimewahi kuona mradi umekufa kwa ajili hiyo. Kwa nini msingetumia USSD tu, zile menyu za nyota na reli? Inakwenda hata kwenye kitochi.

Nyongeza yangu: watu wapime seva zao zikiwa na data nyingi. Sisi tulikuwa na ukurasa wa orodha ya wakulima, kwenye majaribio una wakulima ishirini, unafunguka kama umeme. Msimu ukaanza, wakulima elfu tatu, ukurasa unachukua nusu dakika. Kumbe kwa kila mkulima msimbo ulikuwa unarudi kwenye kanzidata kumuuliza kijiji chake. Swali moja la orodha, na maswali elfu tatu ya vijiji. Tukaunganisha yakawa mawili, tukaweka kurasa za watu hamsini hamsini, kwisha.

Na bakapu, nakala ya akiba ya data! Bakapu ambayo hujawahi kuirejesha usiihesabu. Sisi kila Ijumaa tunaichukua ya wiki, tunaifungua kwenye kompyuta nyingine na kuhesabu rekodi.

#5 MwanaMizani

@Bekiendi Mikindani, hoja yako ni ya haki. USSD tuliifikiria. Kwa mkulima kuangalia salio la kilo zake ni nzuri sana, na bado natamani tuifanye. Kwa karani mwenye foleni ya watu arobaini juani, USSD inakatika katikati na anaanza upya tangu kuchagua namba 1.

Ugomvi wa nani mshindi tuliukwepa kwa kuchora mpaka: karani bila mtandao anaruhusiwa kuongeza tu. Upimaji mpya ni rekodi mpya. Hawezi kubadilisha wala kufuta. Kama amekosea kilo, anaandika rekodi ya kusahihisha inayotaja ile ya kwanza, na zote mbili zinabaki. Zikifika seva hazina cha kugombania. Usajili wa mkulima mpya na kubadili akaunti ya benki ni mpaka mtandao uwepo. Ukijaribu kuruhusu kila kitu bila mtandao, ndiyo utakufa kama ule mradi ulioutaja.

La bakapu nalichukua kama lilivyo. Sisi tulikuwa tunachukua bila kujaribu kurejesha.

#6 Dada wa Newala

Niongeze la upande wa mbele ambalo wanaume humu hamjaligusa. Jaribuni mifumo yenu kwenye simu ya bei ya chini, nje, saa saba mchana. Rangi ya kijivu juu ya nyeupe inayopendeza ofisini, juani haipo. Kiwango cha WCAG, mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofikika kwa wote, kinataka uwiano wa mwangaza kati ya maandishi na mandhari yake wa 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na Chrome yenyewe inakupimia.

Halafu picha. Nilikuta tovuti ya wilaya moja, sitaitaja, ukurasa wa mbele una picha ya mgeni rasmi iliyotoka kwenye kamera moja kwa moja, MB nne na kitu. Mwananchi amenunua bando la siku, unamlipisha picha. Ipunguzwe ukubwa, iwekwe kwa WebP (aina ya faili la picha jepesi), haizidi KB mia moja na ushee. Google wanasema kitu kikubwa cha ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, na wanapima kwa simu za watu halisi, siyo kwa laptopu yako.

#7 Karani wa Nachingwea

Wanangu, mimi si mtu wa kompyuta. Mwanangu ndiye kanionyesha uzi huu. Nimefanya ukarani wa mizani misimu mingi, ya korosho na ya ufuta. Nataka kuwaambia kitu kimoja.

Ile simu ikiniandikia "Error 500", mimi sijui nimwambie nini mkulima aliyesimama mbele yangu. Aende? Asubiri? Ameshaandikwa au hajaandikwa? Yeye ananitazama usoni. Kwa hiyo kila mzigo nilikuwa naandika pia kwenye kaunta buku, jina, kilo, saa. Mabosi walisema niache, mfumo upo. Sikuacha. Siku mfumo ulipopoteza rekodi za asubuhi nzima, kaunta buku langu ndilo lililolipa watu.

#8 MwanaMizani

Shikamoo mama. Nashukuru sana kwa kuandika, umeligusa lililokuwa bado linanikera.

Sasa kwenye mizani yetu kila rekodi ina alama mbili. Ya njano imeandikwa "Imehifadhiwa kwenye simu", maana yake mtandao haupo lakini kilo hazipotei, mkulima anaweza kwenda. Ya kijani imeandikwa "Imetumwa". Makosa yote yameandikwa kwa Kiswahili na kila moja linamwambia karani afanye nini. Na kaunta buku hatujaliondoa. Mfumo unachapisha orodha ya siku kwa mpangilio ule ule wa kaunta buku, ili jioni karani alinganishe mstari kwa mstari.

#9 Karani wa Nachingwea

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye njano umefanya vizuri. Lakini hilo neno "Imetumwa" libadilishe. Mimi nikituma mtoto dukani, kutuma si kufika. Andika "Imepokelewa", halafu uweke na namba ya stakabadhi pale pale, ili niinakili kwenye kaunta buku kabla mkulima hajaondoka.

#10 MwanaMizani

Mama, nimebadilisha usiku huu. Kijani haiwaki mpaka seva irudishe namba ya stakabadhi, na namba hiyo inaonekana kwa herufi kubwa chini ya jina la mkulima. Kesho asubuhi naipeleka Rutamba tukaijaribu kwenye ule mlango ambao mtandao unashika.